Televisheni ya Maman Sambaza

Rafiki yangu, Ijumaa iliyopita nilirudi kutoka kazini Nguba nikiwa nimelowa hadi soksi, nikamkuta binti yangu amejilaza sebuleni, simu karibu na pua, anacheka peke yake. Mvua ilikuwa inapiga bati hata ikabidi apaaze sauti.

"Maman, saison ya pili imetoka! Yote, siku moja!"

Nikavua viatu, nikakaa pembeni yake, akaanza kunionyesha tamthilia mpya za mwezi huu. Siku hizi nyumbani kwetu ndiyo mazungumzo: nani ameona nini, nini kinafaa, nini ni kupoteza megabaiti. Nami nina maneno yangu. Ile ya wapelelezi wa nchi ya baridi ni nzuri kama una subira, maana mwanzoni ni watu wenye makoti wanaotazamana tu, lakini ikianza kukimbia hutainuka kitini. Ile ya vichekesho, ya familia yenye mama wakwe wawili ndani ya nyumba moja, itazame na wageni. Ya watu wanaosafiri kwenda kwenye sayari nyingine imechoka msimu huu, iache. Ya wafalme na mapanga, wape vijana. Ya wapishi wanaoshindana, usiitazame na njaa.

"Na hii ya hospitali?" binti yangu akauliza.

"Hiyo uniachie. Tutaitazama pamoja."

"Maman, kwa nini za hospitali unazipendaka hivi?"

Basi nikamsimulia, na wewe nakusimulia.

Nilikulia Kadutu, hapa Bukavu, kwenye mteremko, katika nyumba ya mbao iliyoegemea ukingo wa udongo mwekundu. Tulikuwa watatu: koko, ndivyo tunavyowaita bibi zetu hapa, mama yangu, na mimi. Baba alifariki nikiwa bado ninabebwa mgongoni. Mama alikuwa mfanyabiashara. Alipanda mtumbwi wa mashine kwenda Kalehe kununua ndizi na maharagwe, akarudi Jumamosi jioni na beseni kichwani, miguu imevimba. Koko alibaki nami. Kazi zangu zilikuwa kuteka maji kwa bidoni ya njano, kuchambua mboga za lenga-lenga, na kupepea jiko la mbabula mpaka makala, yaani makaa, yashike moto. Hata leo nikisikia harufu ya makala mabichi yanayoanza kuwaka, macho yanawasha na moyo unafurahi.

Jirani yetu wa juu kidogo tulimwita Maman Sambaza, kwa sababu aliuza samaki hao wadogo wa ziwa, wabichi asubuhi na wa kukaanga jioni. Nyumba yake ilikuwa ya matofali, imejengwa juu ya mwamba, na ndani yake kulikuwa na televisheni, ya pekee katika nyumba za mteremko wetu. Ilikuwa na mgongo mkubwa na kitambaa cha kushonwa kwa sindano juu yake, kama altare. Umeme ukiwepo, mlango wake ulikuwa wazi. Watoto walikaa chini kwenye mkeka, wakubwa kwenye viti, na harufu ya sambaza kwenye mafuta ya mawese ilitoka jikoni ikatukuta hapo hapo. Alitugawia kwenye karatasi, wenye chumvi na pilipili, na vichwa vyao vilikatika mdomoni kama karanga.

Tamthilia zenyewe zilisemwa kwa Kifaransa, na wakubwa wengi hawakukielewa. Kwa hiyo mwalimu, mpangaji wa Maman Sambaza, alikuwa anasimama karibu na televisheni na kututafsiria. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye suruali iliyopigwa pasi hata siku ya mapumziko, na alitafsiri kama anavyofundisha, kwa kidole. Watu wakibusiana kwenye kioo, alisema: "Hapa wanasalimiana." Wakibusiana kwa muda mrefu, alisema: "Hawakuonana tangu zamani." Na hakuna aliyemcheka.

Mwanzoni koko hakutaka kusikia habari ya televisheni. Saa ile ilikuwa saa ya rozari yake. Alikuwa anakuja kunichukua, anasimama mlangoni na kitenge chake mabegani, anagomba. Lakini kadiri alivyogomba ndivyo macho yake yalivyopita juu ya kichwa changu kwenda kwenye kioo. Jioni moja akauliza, "Na ule mwanamke mwenye koti nyeupe, analia nini?" Mwalimu akamweleza: ni daktari wa mji mdogo wa milimani, anatibu watu wote, lakini kaka yake amepotea tangu utotoni na hajui kama ni mzima. Koko akasema, "Masikini." Kisha akasema, "Sogeeni." Akakaa. Kuanzia siku ile rozari ilisogezwa ikawa kabla ya jua kuzama.

Nilijifunza kumjua koko upya pale kwenye kiti cha Maman Sambaza. Ya polisi hakuipenda: "Huyu papa iko anauliza batu maulizo usiku na muchana, muke yake anamuonaka saa ngapi?" Ya vichekesho aliicheka kabla ya mwalimu kutafsiri, kwa sababu, alisema, sura ya mtu mjinga haina lugha. Lakini ile ya daktari, ya kila Jumamosi, hiyo ilikuwa yake. Alimwonya daktari juu ya mganga mkuu mwenye tabasamu la uongo. Alimhurumia kwa kutokula. Asubuhi ya Jumapili, njiani kwenda misa, alizungumza na wamama wengine habari za daktari kana kwamba anakaa kwenye parokia yetu.

Mama yangu peke yake hakuwa na habari nayo. Tukianza kumsimulia, alikuwa anafunga macho. "Feuilleton ni ya batu benye hawana kazi," alisema juu ya tamthilia zetu, akakanda miguu yake kwa maji ya chumvi. Koko alinung'unika.

Ikafika Jumamosi ya kipindi cha mwisho cha msimu. Daktari alikuwa amepata habari ya kaka yake. Mteremko mzima uliongea habari hiyo wiki nzima. Na siku hiyo mvua ikaanza mchana, ile mvua ya Bukavu isiyotaka kupumzika. Maji ya rangi ya matofali yalishuka kwenye ngazi za udongo, yakabeba majani, malapa, hata sufuria ya mtu. Koko akatazama nje, akashika goti lake. "Leo siendi," akasema. "Maharagi yangu haijaiva, na goti inauma. Utaenda weye, utanieleza."

Nilikuwa nimeshachukua mwavuli wakati Maman Sambaza alipofungua dirisha na kupiga kelele kutoka juu, mikono imezunguka mdomo: "Maman muzee! Kuya! Inaanza sasa!"

"Niko napika!"

"Kuya na chungu yako! Mbabula yangu inawaka!"

Koko akasita. Nadhani ilikuwa aibu ya kuitwa mbele ya majirani wote zaidi ya tamaa. "Basi, tuone," akasema, neno lake la kila siku. Akafunika maharagwe, akakifunga chungu kwa kitenge, akanishika bega, tukapanda. Tuliteleza, tukacheka, tukafika tumelowa. Maman Sambaza akachukua chungu, akakiweka jikoni kwake.

Mvua ilipiga bati hata sauti ya televisheni haikusikika. Mwalimu akatafsiri kwa kupiga kelele kama padri wa mlimani. Umeme ulitetemeka lakini haukukatika. Daktari akapanda basi, akafika kwenye kijiji, akagonga mlango wa nyumba ya bluu. Kitasa kikazunguka. Mlango ukafunguka kidogo, mkono wa mwanaume ukaonekana, na kioo kikawa cheusi. Itaendelea.

Chumba kizima kililia. Koko akainuka kabisa, goti limesahaulika. "Huu ni wizi!" akamwambia mwalimu, kana kwamba ndiye aliyeandika. "Batu batalala namna gani?"

Hapo ndipo tuliposikia. Haikuwa radi. Ilikuwa kama lori linamwaga mawe, karibu sana, na sauti haikwisha haraka. Sakafu ilitetemeka chini ya mkeka. Umeme ukakatika.

Mwalimu alitoka wa kwanza na tochi. Mwanga wake ukashuka kwenye mteremko, ukapita mahali penye nyumba yetu, ukarudi, ukatafuta tena. Nyumba haikuwepo. Ukingo wote wa udongo mwekundu ulikuwa umeshuka ukakaa juu yake; kipande cha bati kilichomoza kwenye matope, na nguzo moja ya mbao, basi. Kitanda tulicholala, mimi na koko, kilikuwa chini ya pale.

Koko alinivuta kwake akanibana mpaka nikakosa pumzi. "Asante Maria," alikuwa anasema, "asante Maria." Sikulia. Nilikuwa ninafikiri tu kwamba tuko hapa. Tuko hapa.

Ndipo fundi wa kushona, ambaye kibanda chake kiko chini ya ngazi, akafika anakimbia, bila viatu.

"Maman ya huyu mutoto iko wapi?" akauliza. "Nilimuona anapanda, kitambo kidogo! Beseni ku kichwa! Alipita kwangu, alinisalimia!"

Nakuambia, rafiki yangu, wote waligeuka kutazama matope. Kisha koko akaniachia. Alishuka mteremko ule kwa kukaa, kwa mikono, na alipofika kwenye matope akaanza kuyachimba kwa vidole, akimwita mama kwa jina la utoto wake, kwa Mashi, lugha yetu ya nyumbani. Wanaume wakaja na majembe. Mwalimu, na suruali yake ya pasi, alipiga magoti akachimba kwa kipande cha ubao. Maman Sambaza alinishika kiuno nisikimbie, na nilimsikia moyo wake ukigonga mgongoni kwangu. Waliita, wakanyamaza kusikiliza, wakaita tena. Mvua tu ndiyo iliyojibu.

Na katika ukimya mmojawapo, sauti ikatoka nyuma yao, kwenye ngazi.

"Ni nini? Munatafuta nani?"

Alikuwa mama yangu. Amesimama na beseni la ndizi kichwani, kitenge kimelowa, anatazama tochi zote zikimgeukia.

Koko aliinuka kutoka matopeni. Alimfikia, akampiga begani kwa kiganja chenye udongo, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha akamwangukia shingoni na beseni likaanguka, ndizi zikateremka gizani. Hakuna aliyezifuata. Nilijitoa mikononi mwa Maman Sambaza nikakimbia, nikaingia katikati yao, na hapo ndipo nilipolia.

Baadaye, tulipoketi kwa Maman Sambaza tumefunikwa blanketi moja, maharagwe yameiva, koko akamuuliza, "Fundi alikuona unapanda. Ulikuwa wapi?"

Mama akatazama sahani yake. "Mvua ilinikamata. Niliingia ku kantine, pale katikati ya ngazi."

"Muda yote ile?"

Kisha akasema polepole, "Maman, nilitaka kuona kama atamupata kaka yake."

Kumbe kila Jumamosi, akitoka bandarini, alikuwa anasimama kwenye kantine ile, duka dogo lenye televisheni ndogo, anapumzisha miguu, anamtazama daktari. Ndiyo maana alichelewa. Ndiyo maana alifunga macho tulipomsimulia, tusione kwamba anajua. Maman Sambaza alianza kucheka, mwalimu akafuata, na koko, uso bado una udongo, alicheka mpaka akashika mbavu. Tulicheka sote, tukiwa hatuna nyumba, hatuna kitanda, hatuna nguo ya kubadili. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kuliko ile.

Tulikaa kwa Maman Sambaza muda mrefu. Majirani walileta godoro, sahani, kiatu kimoja cha shule na baadaye cha pili. Parokia ilitupa bati, na mama akapata kiwanja mahali pa tambarare, mbali na ukingo. Koko aliingiza daktari katika nia za rozari yake. Padri alipouliza ni mgonjwa gani huyo anayeombewa, koko akamjibu kwamba si mgonjwa, ni mtu aliyetuita kutoka nyumbani. Padri akafikiri ni jirani. Tulimwacha afikiri hivyo.

Na siku zile zote, swali lilikuwa lile lile. Ni mkono wa nani ule mlangoni? Mama alisema ni kaka. Maman Sambaza alisema ni mganga mkuu, mwenye uongo wake. Koko alibadilisha mawazo kila wiki. Waliligombania wakichambua sambaza, wakisuka nywele, wakisubiri maji kwenye bomba. Mvua zikaisha, kiangazi kikaja na vumbi lake, watoto wakaota meno, na msimu mpya ulikuwa haujafika bado. Hakuna aliyetuambia utafika lini. Koko alisema anamwomba Mungu asimchukue kabla hajajua, na mama akamwambia basi tamthilia isianze kamwe.

Ilianza. Alikuwa kaka yake. Koko alisema alijua tangu mwanzo, na aliishi akatazama misimu mingine pamoja nasi, mpaka alipoondoka kwa uzee, kitandani kwake, mama akimshika mkono.

Siku hizi Maman Sambaza anakaa Mumosho kwa mwanawe, na sehemu ile ya mteremko wamepanda miti ili udongo ushike. Simlaumu binti yangu kwa kumaliza msimu mzima kati ya Ijumaa na misa ya Jumapili. Nyumba yetu ni ya matofali, na yeye yuko ndani yake. Nashukuru. Ila kuna kitu ambacho siwezi kumpa, na wakati mwingine ninakitamani kwa ajili yake: ule muda mrefu usio na jibu, wakati sisi watatu, tukiwa wazima, tulikuwa na kitu kimoja cha kusubiri.