Sauti Nene ya Koplo Ojok

Zamani sauti ya mtu aliye mbali ilifika ndani ya kaseti iliyofungwa kwa kitambaa, na watu wa nyumbani wakaijibu kwa vinywa vyao; siku hizi inafika ndani ya simu, inasikilizwa nusu, kisha inafutwa.

Ayaa alikuwa mtu wa zamani hiyo. Aliolewa na Koplo Ojok, akaishi naye kambini Makindye katika chumba kimoja cha mabati. Mwaka wa tisini na sita Ojok alipelekwa magharibi, akamwacha na mimba ya miezi mitano. Ayaa hakujua kusoma, kwa hiyo mumewe alituma kaseti, kama wanajeshi wengi walivyofanya. Waliongea Kiswahili, lugha ya kambi, kwa kuwa majirani wa kila kabila walikusanyika kusikiliza. Msemaji alisalimu mtu mmoja mmoja kwa jina, na baada ya kila jina alinyamaza kidogo ili aliyetajwa ajibu. Asiyejibu alihesabiwa kuwa hana adabu.

Kaseti ilifika kwanza. Habari ya kifo cha Ojok ikafuata baada ya wiki tatu.

Ayaa alihamia Kalerwe, akauza odi, ile siagi nzito ya karanga na simsim zilizosagwa, miaka ishirini na zaidi, akamsomesha binti yake Atoo kwa odi hiyo. Redio yake ya kaseti ilikufa Atoo akiwa bado ananyonya. Kaseti ikabaki ndani ya kopo la maziwa ya unga, na Atoo akakua bila kuisikia sauti ya baba yake.

Mwaka jana walikuja dukani kwangu Wandegeya, adhuhuri. Mimi nilikuwa fundi redio. Sasa redio hazitengenezwi, zinatupwa, nami nina kompyuta ambayo nilijifunza peke yangu, kama nilivyojifunza mengine yote baada ya darasa la nne.

"Mzee Marjan, bado uko hai?" Ayaa aliuliza.

"Nusu. Na wewe, mama Atoo, bado unauza odi yenye mawe?"

"Mawe tunawekea wazee wasio na meno. Wanayanyonya."

Kisha akatoa kaseti kwenye kopo. "Weka hii kwa simu ya huyu mtoto. Asikie baba yake kabla mimi sijaenda."

Niliunganisha redio ya kaseti na kompyuta kwa waya ili irekodi, nikabonyeza. Kwanza ulisikika mngurumo wa jenereta ya kambi yao, halafu Ojok. Alikuwa na sauti nene, ya kutoka tumboni. Alimsalimu mkewe, akanyamaza.

"Niko salama," Ayaa alisema, akiitazama meza.

Ojok aliwasalimu majirani. Ayaa aliwajibia wote, na wengi wao wamekwisha kufa. Mwishoni Ojok alisema, "Na wewe uliye tumboni, hujambo?"

"Hajambo," Ayaa akajibu.

Hapo mashine ikautafuna ukanda. Niliutoa vipandevipande. Sikujali sana, kwa sababu maneno yote yalikuwa yameingia kwenye kompyuta.

"Rudini kesho kutwa," niliwaambia. "Nitaisafisha."

Hakuna aliyeniomba kuisafisha. Lakini fundi wa enzi zangu hakurudisha kazi chafu. Katika kompyuta kuna ikwalaiza, vitufe kumi vilivyosimama safu moja: vya kushoto ni vya sauti nene, vya kulia ni vya sauti nyembamba, na kila kimoja unakisukuma juu au chini. Jenereta ilikuwa kushoto. Nikavishusha vile vitatu vya kushoto mpaka chini kabisa, mngurumo ukafa. Nikashusha na cha mwisho kulia, mkwaruzo ukafa. Nikapandisha vya katikati, maneno yakatoka wazi kama ya mtangazaji. Nikabonyeza kuhifadhi, juu ya rekodi ile ile ya kwanza.

Miaka arobaini nilizungusha vitufe vya redio. Ukipunguza besi ukaona haifai, unairudisha. Niliichukua kompyuta kwa desturi ile.

Siku hiyo ilipofika waliketi, nikawawekea. Ojok alimsalimu mkewe, akanyamaza. Ukimya ule ulikuwa mtupu, kama simu iliyokatika. Ayaa hakujibu. Ojok akawasalimu majirani. Hakujibu.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Ni mumeo."

"Ojok alikuwa anaongea mpaka kikombe kinatetemeka. Huyu kijana simjui."

"Mama, mbona ni nzuri?" alisema Atoo. Alikuwa amelisogeza sikio karibu na spika. "Kila neno linasikika."

Nilivisukuma vitufe vya kushoto juu, hadi mwisho. Sauti nene haikurudi, ila spika ilitetemeka bila neno. Unene wa sauti yake ulikuwa pamoja na jenereta, nami nilikuwa nimevitupa pamoja. Nilitafuta nakala nyingine, hakuna. Nilitazama vipande vya ukanda mezani, havikuweza kuungika tena.

"Nimeiharibu, mama Atoo," nilisema. "Hairudi."

"Basi," alisema. Alichukua kopo lake tupu, akalifunga kifuniko. "Mwekee mtoto hiyo iliyobaki."

Mara ya mwisho niliwaona Kalerwe, mwezi wa nne, nilipokwenda kununua odi. Ayaa alikuwa akiichota kwa mwiko na kunijazia kwenye mfuko wa plastiki. Atoo alikuwa ameegemeza simu kwenye mzani, na Ojok akasalimu kwa ile sauti nyembamba niliyomtengenezea, jina baada ya jina, huku Ayaa akiendelea kuchota. Ilipofika mwisho, ikauliza, "Na wewe uliye tumboni, hujambo?"

"Sijambo, baba," alijibu Atoo.

Ayaa alifunga mfuko fundo, akanipa.