Kiingereza cha Jumapili

Tangu bintiye afariki na kuzikwa huko ughaibuni, fundi cherehani alikuwa na ganzi. Si ugonjwa. Alikula, alilala, alipima watu viuno na kukata vitambaa, lakini hakuna kitu kilichomgusa. Waliokuja kumpa pole walimtazama usoni, wakaondoka wakinong'ona kwamba mama huyu ana roho ngumu. Mtu akikosa la kusema msibani, husema lolote.

Alichobakiza marehemu kilikuwa binti mdogo wa miaka sita, aliyeishi kule na baba yake. Mkwe alikuwa muungwana, ila Kiswahili chake kiliishia kwenye "shikamoo", nayo aliitoa kama mtu anayepiga chafya. Mtoto alijua Kiingereza tu. Kila Jumapili alasiri walipiga simu ya video, na zamani marehemu ndiye aliyekuwa mkalimani. Sasa bibi na mjukuu walibaki kutazamana.

Basi fundi, na mvi zake, akaenda kujiandikisha darasa la Kiingereza, chumba kimoja juu ya duka la vipuri vya magari. Mwalimu alikuwa msichana wa kumzaa, mpole, mwenye vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi. Akawafundisha kwamba sifa hutangulia na jina hufuata, kwamba yeye wa kiume ana neno lake na yeye wa kike lake, na kwamba herufi moja ya mwisho huonyesha vitu ni vingi, na herufi hiyo hiyo hubandikwa kwenye kitenzi mtendaji akiwa mmoja. Fundi akauliza kwa nini iwe hivyo. Mwalimu akasema ndivyo ilivyo, mama, tumeikuta hivyo.

Siku ya wakati uliopita, kila mmoja alitakiwa kutunga sentensi. Fundi akasimama akasema kwa Kiingereza kwamba binti yake alifariki. Mwalimu akashusha macho, kisha akasema ni sahihi. Fundi akaketi. Moyoni hakusikia kitu, ila aliona amepata.

Shida yake ilikuwa ufundi wenyewe. Katika maisha yake hakuwahi kumkabidhi mteja nguo yenye nyuzi za bandi, zile za kushikiza kwa muda, na sentensi nazo akazifanyia hivyo hivyo. Mjukuu akiuliza jambo, yeye alikata, akaunga, akaona kitenzi kimepinda, akafumua, akaanza upya. Sentensi ilipokuwa tayari kutoka, mtoto alikwisha kwenda kucheza, na bibi akakisomea kiti kitupu.

Jumapili moja mkwe alikaa mwenyewe mbele ya simu. Alisema polepole, naye fundi akamwelewa vizuri kuliko alivyopenda. Mtoto hataki tena kuja kwenye simu. Leo amebembelezwa, lakini baada ya leo hatamlazimisha, anaomba radhi.

Mtoto akaletwa. Akauliza bibi anashona nini. Lilikuwa gauni jekundu la mteja, fundi alikuwa nalo mapajani. Akaanza kuikata sentensi: rangi kwanza, kisha nguo, na kile kijineno cha mbele ni kipi, maana kule hata gauni moja lazima litanguliwe na kitu. Mtoto akatazama dirishani. Akateremka kwenye kiti.

"We mke mwenzangu," fundi akaropoka, "unakwenda wapi na mimi bado naongea?"

Mtoto akageuka. Akarudi mpaka uso ukajaa kwenye kioo cha simu, akasema maneno machache ya Kiingereza, na yote fundi aliyajua: rudia, ongea kama mama.

Nyuma yake mkwe akatoka chumbani.

"Nimekuuliza unakwenda wapi," fundi akasema. "Nani kakupa ruhusa ya kuniacha?"

Tena, mtoto akasema.

Fundi akaongea. Akamweleza habari za zipu iliyokatika, na za mteja aliyenenepa kisha akaja kumlaumu aliyemshonea, na za jirani anayeazima mkasi akaurudisha butu. Hakupanga neno hata moja. Mtoto hakuelewa kitu. Alilaza kichwa mezani karibu na simu, akafumba macho.

Hapo ndipo fundi alipojisikia anavyosema. Sauti yake na ya bintiye zilikuwa moja, hata ndugu walikuwa wakiwachanganya kwenye simu. Uchungu ukamjia wote kwa mpigo, mpaka akashika ukingo wa meza. Alitaka kunyamaza. Lakini angenyamaza, mtoto angefumbua macho, akaona ni bibi tu.

Akaendelea kusema.