Mavi ya Chuma Katikati ya Uwanja

Majivu ya kale yakinyeshewa mvua hunuka kama chungu kilichoungua, na harufu hiyo bado inanipanda puani kila nikipita uwanjani kwetu Oldonyo Sambu. Nilikuwa binti wa miaka kumi na moja, shule nimeshaiacha darasa la nne, wachimbaji wa mambo ya kale walipokuja kufukua uwanja wetu wa mikutano. Walitaka kujua watu wa zamani walikusanyikaje, nani alikaa wapi, nani alikula nini. Nani anakaa wapi sisi tulijua bila kuchimba. Baba alikuwa mhunzi. Visu na kengele za ng'ombe za kijiji kizima zilitoka mikononi mwake, lakini siku ya mkutano alikaa peke yake, nje ya mstari wa mawe, na nyama alirushiwa ya shingo, mbavu zikiwa za wakubwa, eti mkono wa mhunzi una laana.

Kazi yangu ilikuwa kuchekecha udongo. Siku moja shimo la katikati kabisa, pale walipokaa wakubwa, lilitoa majivu, mifupa ya mbavu, na mabonge meusi mazito yenye matundu. Nikapiga kelele, “Mavi ya chuma haya! Kama yanayobaki kwenye moto wa baba!” Bwana Temba, mkuu wa wachimbaji, akapiga magoti. “Unaona, binti? Wahunzi walikaa hapahapa. Na mbavu walikula.” Nikakimbia kumwita baba. Alikuja amevaa koti lake la kanisani. Nilijua anakuja kukaa pale katikati.

Mwenyekiti wa kijiji, Lesikari, alikuwa ameshafika. “Shikamoo mzee,” baba akasema. Lesikari hakuitikia salamu, akamuuliza: “We mfua chuma, koti la nini? Umekuja kuposa?” Watu wakaangua kicheko. Lesikari akazoa mabonge yote kwenye ndoo yangu, akayamwaga korongoni, akamgeukia Temba: “Andika wazee walikula mbavu. Ukiandika mengine, kesho huchimbi.” Na Temba, msomi mzima, akainama akaandika.

Wanasema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi tulinyongwa, na haki ikaenda korongoni. Baba hakulivaa tena lile koti; tulimzika nalo. Lesikari naye kafa, kaburi lake lina vigae. Leo uwanjani kuna viti vya plastiki, na laana haitajwi, maana wote tunasali kanisa moja. Mwezi uliopita, kwenye mkutano wa maji, niliwahi nikakaa mbele, katikati. Watu walijaa mpaka wakasimama juani. Kiti cha kulia kwangu na cha kushoto vilibaki vitupu hadi mkutano unafungwa.