Mfuko Namba Kumi na Saba

Kwa miaka tisa Sixte alifanya kazi katika chumba cha chini cha duka la stempu za zamani, katikati ya Stockholm. Alikuwa akiishi kitongoji cha Hallonbergen, peke yake, na majirani walimjua kwa kufuta viatu mara mbili kabla ya kuingia ndani. Kazi yake haikuwa na kelele. Masanduku ya bahasha kuukuu yaliletwa kutoka nyumba za watu waliofariki, naye alizichambua, akaziloweka katika beseni la maji ya uvuguvugu mpaka gundi iachie, kisha akazianika stempu kwenye karatasi ya kunyonya maji. Mwenye duka alimpenda kwa sababu alijua kusoma mihuri, hata iliyofifia.

Mapenzi ya mihuri aliyarithi. Baba yake, Félix, alikuwa karani wa posta Usumbura, Bujumbura ya leo, siku ambazo Wabelgiji walitawala Burundi na Waingereza wakatawala Tanganyika. Serikali hizo mbili zilikuwa zimepatana kupitishiana barua. Mfuko wa barua ulishuka Ziwa Tanganyika kwa meli hadi Kigoma, pamoja na karani wa Usumbura, makarani wa pande zote mbili wakakutana gatini, kila mmoja na daftari lake, na kila mmoja akatia sahihi katika daftari la mwenzake. Kisichosainiwa hakijavuka. Félix aliwafundisha wanawe maneno hayo kabla hawajajua kusoma.

Tarehe 12 Machi 1954 alikosea yeye mwenyewe. Mvua ilikuwa kubwa, madaftari yote mawili yalikuwa na jalada jeusi, na kwa haraka ya kuyakinga, yeye na mwenzake wakatia sahihi zote mbili katika daftari la Waingereza. Katika daftari la Usumbura, mstari wa mfuko namba kumi na saba ulibaki mtupu. Wakubwa wake wakasema mfuko haukuvuka, basi karani ameuiba. Félix, bado na kaptula yake ya kaki ya kazini, akachukua mtumbwi kumfuata yule mwenzake wa Kigoma aje atie sahihi. Siku ya tatu mtumbwi ulionekana ukielea, umejaa maji, daftari limefungwa kwa turubai juu ya ubao wa kukalia. Félix hakuonekana. Watu wakasema amekimbilia ng'ambo na barua za watu.

Sixte alikuwa na miaka minne. Dada yake Béata alikuwa na kumi na mmoja, umri wa kusikia kila kitu. Shuleni walimwita binti wa mwizi wa barua. Alilibeba daftari lile katika kambi mbili za wakimbizi na hatimaye hadi Spånga, kitongoji kingine cha Stockholm, lakini neno "baba" hakulitamka tena. Alisema "yule karani".

Jumatatu, tarehe 2 Februari 2009, Sixte aliloweka fungu la bahasha za Ruanda-Urundi, koloni lile la Wabelgiji. Moja ilikataa. Stempu haikubanduka, na bahasha ilipotolewa majini ilikuwa kavu. Akaiweka kando. Jumatano akairudisha majini, ikawa vilevile. Ijumaa aliiacha saa nzima. Chumba kikaanza kunuka matope na dagaa, na maji ya beseni, yaliyotoka bombani yakiwa safi, yakawa na mchanga chini.

Hapo ndipo alipoigeuza chini ya taa. Mbele, muhuri wa Usumbura, 11 Machi 1954. Nyuma, muhuri wa Kigoma, 12 Machi. Meli ilikuwa moja kwa wiki, na mfuko wa safari ile ulikuwa mmoja, namba kumi na saba. Bahasha haikuwa imefunguliwa. Iliandikiwa Bi Médiatrice, kwa Évode fundi cherehani, Ujiji.

Mama Médiatrice wa Bredäng, kusini mwa jiji, alikuwa akisali na Sixte na dada yake kila Jumapili. Marehemu mumewe alikuwa Évode, na alishona nguo Ujiji.

Sixte alimweleza mwenye duka, akapewa bahasha ile bure. Jumamosi asubuhi akaipeleka kwanza Spånga. Béata aliitazama bila kuigusa.

"Unafanya kazi kwenye shimo lililojaa mihuri," alisema, "halafu unaniletea muhuri."

"Dada, mimi nimegonga muhuri wa Kigoma?"

"Sijui umefanya nini. Sura umechukua ya yule karani, na tangu utoto unamtafutia udhuru."

"Basi niambie barua hii ilifikaje Kigoma kama mfuko haukuvuka."

Béata alivaa koti, akaingia chumbani, akatoka na daftari likiwa bado ndani ya turubai yake. "Twende kwa mwenyewe," alisema. "Akisema barua si yake, usinitajie tena habari hii mpaka unizike."

"Utatangulia wewe kunizika mimi, kwa hasira hizo."

"Tembea."

Kule Bredäng theluji ilikuwa imeganda njia nzima. Mama Médiatrice alifungua kabla hawajabisha. Hakuwatazama usoni. Alitazama viatu vya Sixte.

"Leo umekuja mkavu," alisema.

"Mama, sijawahi kufika hapa kwako."

"Usinitanie, mwanangu. Jumatatu, Jumatano, na jana. Umevaa kaptula ya kaki katika baridi hii, maji yanakuchuruzika mpaka nimeweka matambara. Unasema mfuko umefika, nitie sahihi. Nakuuliza sahihi wapi, huna daftari, unageuka unaondoka. Nikasema, huyu mtoto wa watu amechanganyikiwa."

Matambara yalikuwepo kweli, kando ya mlango. Béata aliinama, akashika moja. Lilikuwa bichi.

Waliingia. Mama Médiatrice alisoma jina lake kwenye bahasha, akakaa. Mwandiko ulikuwa wa kaka yake Fidèle, aliyebaki Usumbura. Mwezi ule wa Machi yeye na mumewe walikuwa wamehamia Tabora, na barua haikupata mtu wa kuichukua. Miaka yote hiyo aliamini kaka yake alikataa kumwandikia mpaka akafa. Hakuifungua. Aliibana kifuani kwa mikono miwili.

"Ni yangu," alisema. "Nani aliivusha?"

Sixte alimtazama dada yake. Béata alifungua kamba, akakunjua turubai, akatafuta ukurasa. Mistari yote ilikuwa na sahihi, isipokuwa mmoja. Aliweka kidole penye namba kumi na saba, akampa mama yule kalamu.

Mama Médiatrice aliandika jina lake lote, polepole, na tarehe ya siku ile.

Kalamu ilipoinuka, walisikia mtu akishuka ngazi nje, hatua za miguu mitupu. Béata ndiye aliyefika mlangoni kwanza. Kwenye ngazi kulikuwa na nyayo za maji. Zilianzia pale kizingitini zikashuka, na hapakuwa na nyayo za kupanda.

Alizifuata mpaka chini, mwanamke wa miaka sitini na sita, bila viatu, huku Sixte akimwita arudi. Nje nyayo ziliendelea hatua saba juu ya theluji, kisha zikakoma mahali peupe pasipoguswa.

Béata alisimama hapo na daftari kifuani.

"Baba," aliita. "Mfuko umesainiwa, baba."