Utamu Uliochelewa Ulimini

Hasanali anauza viungo mtaa wa Mlandege, na kwa miaka arubaini ulimi wake ndio uliomlisha. Mdalasini uliochanganywa na gome la mti mwengine anaujua kabla hajautafuna. Kwa hiyo asubuhi ile, alipopiga funda la kwanza la chai nyumbani kwake, alijua kuna jambo.

Utamu ulichelewa. Yalipita maziwa, ikapita iliki, kisha ndio ukaja, na ulipokuja haukutaka kuondoka. Alimtazama mkewe, Dilshad, aliyekuwa akipaka mkate siagi bila ya kuinua macho.

"Sukari hii umenunua wapi?"

"Palepale."

Tangu siku hiyo Hasanali akawa anamchunguza. Daktari alikuwa ameshamwonya kwamba kisukari kinamnyemelea, apunguze mwili na aache sukari, naye akajibu kuwa bila ya vijiko vitatu chai si chai. Sasa Dilshad alikuwa akitia sukari jikoni, mlango ameurejesha, wakati siku zote bakuli la sukari lilikaa mezani.

La kumtia wasiwasi zaidi ni njaa. Ikifika saa nne, dukani, alitaka kula. Hakuwa mtu wa kulakula ovyo, lakini sasa alikuwa akivuka njia kwenda kununua visheti vya sukari kwa Bi Ummukulthum, kwanza vitatu, baadaye karatasi nzima. Baada ya mwezi vifungo vya shati vilimbana. Akaanza kuamini kuwa anatiliwa dawa. Ya nini, hakujua, na hilo ndilo lililomnyima raha.

Siku moja Dilshad alipokuwa anaoga, Hasanali alifungua kabati la jikoni. Nyuma ya mkebe wa unga wa dengu akakuta kichupa kidogo, mfano wa dawa ya macho. Akadondosha tone ulimini. Ndio utamu uleule.

Alikifunga ndani ya leso akaenda nacho kliniki kwa daktari wake, Bi Tahiya.

"Shikamoo, Mzee Hasanali."

"Marahaba. Nambie hichi kitu gani. Mke wangu ananitilia kwenye chai."

Daktari alisoma karatasi ya kichupa. "Ni utamu wa kutengenezwa. Matone mawili yanakaa pahala pa kijiko cha sukari, lakini hayaupi mwili chakula, wala hayapandishi sukari ya damu kama sukari yenyewe. Kwa kiasi hiki si sumu."

"Na hii njaa inatoka wapi?"

"Hapo sitakudanganya. Wako wataalamu wanaosema ulimi ukionja utamu, mwili unangojea chakula, na kisipokuja unakitafuta. Wengine wamewapima watu wakaona hawazidishi kula. Hawajakubaliana. Lakini wewe ulikuwa ukinywa vikombe vingapi?"

"Vitatu kwa siku."

"Basi vijiko tisa vya sukari vimeondoka na mwili umeona pengo. Umeliziba kwa kitu gani?"

"Visheti."

Nyumbani alikiweka kichupa mezani mbele ya mkewe.

"Ungenambia."

"Ningekwambia, ungekunywa?" Dilshad alikaa. "Kaka yangu Burhanuddin kakatwa mguu kwa sukari. Mie nliyemuuguza nitakutazama tu wewe unakwenda njia ileile?"

Alichoomba Hasanali ni kimoja tu, asitiliwe kitu asichokiona. Akachagua chai kavu ya mchaichai na tangawizi, haina sukari wala matone, na yai la kuchemsha kila asubuhi. Wiki ya kwanza alikuwa mkali hata kwa wateja. Ya tatu, saa nne ilipita bila ya yeye kuvuka njia. Baada ya miezi miwili alikuwa amepungua kilo tatu. Ikiwa sababu ni matone kuondoka, au visheti, au lile yai, hawezi kusema, na anayesema anajua hamwamini.

Dilshad mwenyewe, aliyekuwa naye akinywa chai ileile, anaendelea na matone yake. Hajanenepa, wala halalamiki njaa, na hilo Hasanali halimwingii akilini. Siku hizi humpigia simu kutoka dukani.

"Umekula kitu?"

"Sijala."

"Na njaa huna?"

"Sina, bwana. Uza viungo vyako."

Hasanali hukata simu, akakaa akiifikiria sauti ya mkewe, kama alikuwa akitafuna kitu kwa siri.