Marahaba ya Mnazi Mmoja

Mdogo wangu alipoingia dukani na kuniambia amejiandikisha triathloni, ile ndefu, nilidhani ni semina nyingine ya ofisini kwao. Akanieleza: unaogelea baharini, unatoka umelowa unapanda baiskeli, ukishuka kwenye baiskeli unakimbia juani mpaka uishe. Nikamuuliza ni nani anayemfukuza. Akacheka, wateja wakacheka, mimi nikaendelea kupanga mabeseni.

Niseme ukweli mapema: nilimwonea wivu pale pale, kabla hajamaliza kueleza. Katika familia yetu mkimbiaji nilikuwa mimi. Kule Kilimanjaro, shuleni, nilikuwa nakimbia peku na kuwaacha wasichana wenye raba. Baba alipougua niliitwa Kariakoo kushika duka, kidato cha pili sijakimaliza, na tangu hapo mbio zangu ni za kukimbizana na wabeba mizigo wanaochanganya oda za watu. Yeye, ambaye nimempita miaka saba, alisomeshwa na duka lile lile la ndoo na madumu. Sasa ana ofisi Posta, ana baiskeli nyepesi unayoweza kuinyanyua kwa kidole, na ana mtu wa kumfundisha kuogelea. Kuogelea! Mchaga!

Waandaaji walikuwa wanatafuta watu wa kujitolea, akanitaja mimi. "Dada, wewe unajua kuhudumia umati." Nilikubali upesi mno. Waliosikia wakasema damu nzito kuliko maji, nami nikawaacha waseme. Nilichotaka ni kumwona akishindwa, na nimwone kwa macho yangu mwenyewe.

Jumapili hiyo nilipangiwa meza ya maji Mnazi Mmoja, pamoja na mama mmoja mtu mzima wa Kipwani, mkazi wa Mchafukoge. Tulivalishwa fulana za njano. Nilikuja na ndoo na sponji zangu kutoka dukani, nikapanga vikombe, ndizi na machungwa kwa mtindo wa Kariakoo, vizuri mbele na vilivyopondeka nyuma, kisha nikaanza kuwaita wakimbiaji: "Njoo hapa, kaka, maji ya baridi, kwa jirani hamna!" Yule mama alicheka mpaka akakaa chini.

"Mwanangu, hawa hawanunui," akaniambia.

Kila mkimbiaji alitakiwa kupita mezani kwetu mara tatu. Kwenye kona ya kuelekea Posta, hatua kama mia mbili mbele yetu, walisimama wasimamizi wenye kamba. Anayepita mara ya tatu ilikuwa lazima aivuke ile kona kabla ya saa tisa kamili. Ikifika saa tisa kamba inavutwa, na aliyebaki nyuma yake anavuliwa namba. Hapo hakuna kuombana.

Mara ya kwanza mdogo wangu alipita mbiombio, akapokea kikombe. "Shikamoo dada!" "Marahaba." Kwetu mdogo humwamkia mkubwa popote amkutapo, na hampi mgongo kabla hajaitikiwa, mama alitufunza hivyo kwa kofi. Mara ya pili akaniamkia tena, nikaitikia. Sikatai, niliipenda ile shikamoo. Ndicho kitu pekee nilichokuwa bado namzidi.

"Huyu ni mdogo wako?" mama wa Mchafukoge akaniuliza. "Mashallah, ana moyo!" Akampigia makofi mpaka akapotelea mbali. Mimi, ambaye nilikuwa nimesimama juani tangu asubuhi, hakuna aliyenipigia hata kofi moja.

Mara ya tatu alitokea saa tisa kasoro dakika nne. Chumvi ilikuwa imemkaukia usoni, mguu mmoja anauburuta. Akachukua sponji, akaikamua kichwani, akapita. Nilipiga hesabu haraka: hata kwa mwendo ule wa kuchechemea, alikuwa anafika. Mwaka mzima wa kuamka kabla ya adhana, na sasa anafika.

"Yaani leo hata salamu hakuna?" nikapaza sauti. "Ushakuwa mkubwa?"

Akasimama. Akageuka. Akarudi hadi mezani, akajaribu kukunja goti lililokuwa halikunjiki.

"Shikamoo dada."

Nilimsikia. Nikainamia ndoo, nikaanza kusuuza sponji, moja baada ya nyingine. Yeye akabaki amesimama mgongoni kwangu.

"Shikamoo dada," akarudia, kwa sauti ya chini zaidi.

Nikanyoosha vikombe vilivyokuwa vimeshanyooka. Simu yangu mezani ilionyesha zimebaki dakika mbili.

"Mwanangu," akasema yule mama, "mwitikie mtoto wa watu aende zake."

"Marahaba," nikasema, na bado sikutosheka. "Hujambo? Shemeji hajambo?"

"Hatujambo, dada."

"Haya, nenda."

Akakimbia. Kwa mguu ule sijui alikimbiaje, lakini alikimbia kweli. Niliiona kamba ikivutwa yeye akiwa amebakisha hatua kama kumi. Alifika akaishika kwa mikono yote miwili, akaegemea hapo, na msimamizi akaanza kumfungua pini za namba kifuani.

Nikasubiri raha yangu. Ilikuja, siwezi kudanganya, ikakaa muda wa kumeza mate, ikaondoka. Mama wa Mchafukoge akachukua mkoba wake, akahamia upande wa pili wa meza, akabaki huko mpaka tunafunga.

Mdogo wangu alirudi akitembea taratibu, namba ameikunja mkononi. Nilijua anakuja kunitukana, na majibu nilikuwa nayo tayari: adabu ni adabu, mbio si sababu, angejipanga mapema. Alipofika akachuchumaa mbele yangu.

"Dada, nisamehe," akasema. "Nimekupita bila kukuamkia, mbele za watu wote hawa. Nilichoka tu, sikuwa naona vizuri. Tafadhali usimwambie mama."

Nikamwambia yameisha, nimemsamehe. Akanishukuru.