Boriti za Sebuleni

Juzi huko Amagoro nilimwona fundi akipanga boriti za sakafu, na harufu ya mbao mbichi ikanirudisha kwenye nyumba yetu ya Malaba.

Baba aliijenga mwenyewe. Alitaka sakafu ya mbao iliyoinuka juu ya udongo, kwa sababu ya kifua cha mama. Alasiri ile mama alilala kwenye kibanda cha jikoni, akikohoa. Baba na baba mdogo walivuta kamba, wakapigilia boriti harakaharaka. Katikati ya sebule wakazisogeza karibukaribu.

"Ongeza ingine hapo," alisema baba mdogo. "Watu watakuwa wengi, na uzito wote utakaa hapa."

Nilidhani ni sherehe ya kuhamia. Sikujua kwamba kwetu mke akifa, maiti yake sharti ilale katika nyumba yake mwenyewe, aliliwe humo.

Nikakimbia jikoni. "Mama, watu wengi watakuja kwetu! Baba anakaza sakafu!"

"Pale katikati ya sebule?"

"Eeh, pale pale."

Mama alinishika mkono. "Mwambie asiharakishe," alisema. "Nitamngoja."